Bila haipo, picha haipo

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, kama hujanizidi basi marahaba. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, najua barua yangu ndefu na nyie mna mkasi, kateni mnapotaka ila ile sehemu ya maji mniachie maana ndo yenyewe.

Mimi ni mkazi wa hapa Tabora mjini, nina kibanda cha steshenari sio mbali na stesheni ya treni, natoa fotokopi, naprinti barua za kazi, napiga picha za pasipoti kwa kamera ndogo na kitambaa cha bluu nimekitundika ukutani, dakika tano mtu ana picha zake nne anaondoka. Lakini huko nyuma nilikuwa kijana wa studio. Wakubwa wanaelewa, wadogo niwaambie, kijana wa studio ni yule aliyekuwa anafungiwa kwenye chumba hakina dirisha, taa nyekundu inawaka, jasho linatiririka, mikono inanuka dawa mpaka ukila ugali unaisikia, kazi yake kusafisha picha za watu. Ndo tulivyokuwa tunasema, kusafisha, yaani kuitoa picha kwenye mkanda na karatasi kwa dawa. Nilianza 1985, nimetoka darasa la saba, baba akanipeleka kwa mzee mmoja fundi picha maeneo ya Kanyenye, jina silitaji hajanipa ruhusa, tumwite Mzee tu.

Sasa mwaka jana mwezi wa kumi, lile joto letu la kusubiri mvua, akaja mama mmoja kibandani kabeba kitu kafunga kwenye kanga. Akanisalimia mwangaluka, akafungua, ni fremu ya picha ya harusi. Nyeusi na nyeupe ila sio tena nyeusi na nyeupe, imegeuka rangi ya chai ya maziwa, upande wa kulia ina madoa ya njano kama mtu kamwagia mchuzi, na bwana harusi uso umeanza kuyeyuka, unaona suti, unaona tai, juu ya tai unaona kama ukungu. Akaniambia baba huyu alifariki na picha yao ya harusi ni hii moja tu, je naweza kuisafisha tena?

Nikaigeuza nyuma. Mhuri wa studio yetu. Mwaka 1987. Na namba imeandikwa kwa penseli, mwandiko ni wangu mimi.

Mhariri nilikaa chini. Wiki ile naikumbuka vizuri, Mzee alikuwa kasafiri kwenda Urambo kwenye msiba, kaniachia studio, Jumamosi moja harusi tatu, na bombani maji hakuna siku ya nne. Nina madumu mawili tu. Picha ya karatasi ile ya kawaida ya zamani inatakiwa ioshwe saa nzima kwenye maji yanayotembea, mimi niliziosha kwa dakika kama kumi, beseni moja, maji yale yale picha zote, nikazibandika zikauke. Zilitoka zinang'aa, watu wakalipa, wakasifia. Kosa lile lilikaa ndani ya karatasi miaka zaidi ya 30 likila uso wa mtu taratibu.

Nikamwambia ukweli, nikasema mama hii niliiharibu mimi. Akaniangalia. Akasema, "Kwahiyo ni wewe." Kimyaa. Halafu akasema, "Maji yalikuwa shida mwaka ule, hata pilau lilichelewa."

Ngoja nieleze kwanini maji, maana hapa ndo pana ufundi wenyewe na watu wengi wanafikiri ufundi wa picha ni kubonyeza. Karatasi ya picha na mkanda vyote vina chumvi za fedha, fedha ile ile ya pete, hazionekani ila zikipigwa na mwanga zinaweka kumbukumbu. Dawa ya kwanza tunaita developa, inaigeuza ile iliyopigwa na mwanga kuwa nyeusi, hapo ndo unaona mtu anatokea kwenye karatasi kama anaibuka kwenye maji, sijawahi kuzoea mpaka leo. Lakini ile fedha ambayo haikupigwa na mwanga bado ipo, ukitoka nayo nje inaungua na yenyewe, picha yote inakuwa nyeusi. Lazima uiondoe. Dawa ya kuiondoa ni sodiamu thaiosalfeti, mtu anaitwa John Herschel ndo aligundua 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na picha zilipoanza 1839 ikaingia kazini mpaka leo. Mafundi wa zamani wakaiita haipo, ndo hypo ya Kiingereza. Mzee alikuwa anatuimbia, bila haipo picha haipo. Na akishatuona tumecheka anaongeza ya pili ambayo mimi nikaidharau, haipo ikibaki picha haibaki.

Maana hiyo haipo ina salfa ndani yake. Wanafunzi wa kemia wanaijua vizuri wala sio kitu kigeni, ile praktiko ya thaio na asidi, unachora alama ya X kwenye karatasi unaweka chupa juu, unachanganya, maji yanachafuka taratibu mpaka X haionekani. Ule uchafu ni salfa. Sasa hiyo hiyo usipoiosha ikabaki kwenye picha, inaanza kuila fedha pole pole, nyeusi inageuka kahawia, kahawia inageuka njano, mwisho mtu anapotea. Ndo maana ukaona kwenye makabati ya watu picha za 1955 ziko safi kama za jana, na za 1987 zimekufa, sio umri, ni nani aliziosha na kwa maji kiasi gani.

Na Mzee alikuwa na kipimo. Ananunua pamanganeti duka la dawa, ile ya zambarau tunayooshea kachumbari wakati wa kipindupindu, anaweka chembe chache kwenye glasi ya maji, halafu anainua picha kutoka kwenye beseni anaacha yale maji yadondokee humo. Rangi ikififia, haipo bado ipo, rudisha kwenye maji. Rangi ikikaa, anika. Hakuna kitabu nilichoona kimeandikwa hiki kitu kwa Kiswahili, kiko kwenye kichwa cha mzee mmoja mwenye miaka 80 na kitu ambaye sasa hivi anakaa barazani anahesabu magari.

Nilimfuata na ile fremu. Macho hayaoni vizuri lakini aliishika karatasi kwa vidole akainusa kwenye pembe, akasema umeniaibisha, kisha akaniagiza chumbani uvunguni. Makopo ya biskuti, kumi na saba, yamejaa bahasha ndogo za karatasi, kila bahasha jina na tarehe, ndani negativu, yaani vile vipande vya mkanda ambavyo nyeupe inaonekana nyeusi na nyeusi nyeupe. Toka 1961 mpaka studio ilipofungwa. Studio zilipoanza kupeleka mikanda ya rangi Mwanza na Dar kwa treni ikasafishwe na mashine, watu wakazitaka za rangi, sisi tukafa, lakini yeye negativu hakutupa hata moja. Niliipata ya yule mama ndani ya nusu saa. Safi kabisa, uso wa bwana harusi umo wote, hadi kovu la nyusi. Mkanda nilikuwa nimeuosha vizuri, siku ile maji yaliisha kabla sijafika kwenye karatasi.

Kwahiyo furaha. Nikaiweka juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, nikaipiga kwa simu nyingine, nikaigeuza rangi kwa programu, nikaprinti kwenye ile mashine yangu ya wino. Nikampelekea Mzee. Akaiweka karibu na jicho, akasema, "Hii ni picha ya picha." Nikakasirika kidogo, ila alikuwa sahihi, gauni la bibi harusi lilikuwa na nakshi za kutarizi kwa uzi, kwenye negativu unazihesabu, kwenye yangu limekuwa shuka jeupe. Na wino ule wa bei rahisi naujua mwenyewe, picha ikikaa karibu na dirisha mwaka mmoja tu imeshakuwa bluu.

Sisemi watu wasiskani, jamani msinielewe vibaya, skanini tena haraka. Lakini hata kuskani kunataka mtu anayejua. Juzi kuna picha inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wazawa wa Tabora, mtaa wa zamani, wengine wanalia kwa furaha, mimi naangalia naona kibao cha duka kinasomeka kinyumenyume na wanaume wote wamevaa saa mkono wa kulia. Mtu kaskani negativu upande wa dawa ukiwa umegeukia siko. Kijana wa studio wa wiki mbili angejua, upande wa dawa haung'ai, upande wa pili unang'aa, basi. Mji mzima umegeuzwa na hakuna aliyeona.

Mpwa wangu anaishi Uingereza, alikuja likizo Disemba nikamwagiza paketi ya karatasi za Ilford, maana kule bado zinatengenezwa, karatasi 25 kwa paketi, na unga wa developa. Ghali sitaki kusema. Haipo tuliipata Dar kwenye duka la kemikali za maabara. Enlaja, ile mashine ya kukuzia picha, ninayo mwenyewe, Durst, ilikuwa kitu cha kuwekea nepi za wajukuu. Tukaziba dirisha la stoo kwa blanketi na maboksi, tukasubiri saa nne usiku maana mchana kwa joto letu dawa inapanda, developa inapenda nyuzi 20 na Tabora mwezi wa kumi na mbili bombani yanatoka yakiwa yameshazidi hapo, zamani tulikuwa tunaweka chupa ya dawa ndani ya mtungi wa maji usiku kucha, na hiyo tumefanya vile vile, mtungi ukapatikana kwa jirani.

Mhariri, mzee asiyeona vizuri kwenye giza ni sawa na sisi wote. Alijua kila kitu kiko wapi. Alikata kipande kidogo cha karatasi cha kujaribia, tukakipiga mwanga kwa hatua, akaniuliza cha ngapi kina kola ya shati nyeupe lakini sio tupu. Nikasema cha tatu. Akasema basi sekunde 12, ila gauni liongezee, na uso wa bwana uzibe kidogo. Akaingiza mkono wake chini ya taa, vidole viwili vimekunjwa, anautikisa tikisa kivuli chake kisiache alama, anahesabu kwa mdomo. Ule mkono, yaani sina maneno. Hakuna video iliyonifundisha, nilikuwa nimetazama nyingi tu wiki ile.

Hilo ndo ninalotaka kulisema kwenye barua hii. Mafundi wale hawajaisha lakini wanaisha, hapa Tabora ninaowajua mimi ni watatu, Kigoma naambiwa yupo mmoja Ujiji, na kila mmoja ana makopo uvunguni. Nataka mahali pamoja, chumba kimoja kisichopitisha mwanga chenye bomba, wazee wakae na vijana miezi kadhaa wawafundishe kusafisha, kuosha, kupima, kutunza. Tabora tuna shule kongwe za kutosha, Mwalimu mwenyewe alisoma hapa na baadaye akafundisha hapa St. Mary's, maabara zina thaio kabatini, zina sodiamu kaboneti, zina vipimajoto, zina sinki. Tunachokosa ni karatasi na mtu wa kusema ndio. Hata developa ikishindikana kuagizwa, kule Rochester Marekani mwaka 1995 wanafunzi wa chuo na mwalimu wao walionyesha kwamba kahawa na soda ya kufulia vinasafisha mkanda, baadaye watu wakaongezea vitamini C ukawa mchanganyiko mzuri zaidi. Nimejaribu kwa kahawa yetu ya kopo ya Bukoba. Negativu ilitoka, ina rangirangi ya kahawia lakini imetoka, ila onyo, inanuka vibaya mno na mke wangu amenipiga marufuku jikoni.

Nikiongea hivi vijana wananiambia mzee dunia imeenda mbele. Sawa. Lakini kulikuwa na mkanda wa rangi unaitwa Kodachrome, wa Kodak, watu duniani kote waliupiga tangu 1935, ulikuwa unasafishwa kwa njia yake peke yake ngumu, 2009 wakaacha kuutengeneza, na maabara ya mwisho kabisa, ya mji mdogo wa Parsons huko Kansas, ikaacha kupokea mikanda mwisho wa 2010. Mwenye mkanda wake haujasafishwa baada ya hapo, rangi zake ndo basi. Wale ni Wamarekani wenye kila kitu. Sisi mkanda mweusi na mweupe bado unasafishika kwa mtungi na madumu, tatizo sio dawa, ni mikono.

Watu wa Kigoma wananielewa zaidi nikitaja Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa wakaizamisha meli yao wenyewe pale ziwani, lakini kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi nene, kwa sababu fundi alijua kuna siku itatakiwa. Ikaibuliwa 1924, 1927 ikarudi kubeba abiria. Sisi wakati studio zetu zinazama nani alipaka grisi? Zanzibar angalau ukienda Mji Mkongwe ipo Capital Art Studio, ya tangu 1930, kuta zimejaa picha za nyeusi na nyeupe watalii wanapigana vikumbo kuziona. Tabora hapa mwezi wa kwanza 1958 TANU walikaa mkutano ule wa kura tatu, uamuzi wa busara, mji umejaa wajumbe wamevaa nguo zao nzuri, na mtu aliyevaa nguo nzuri ugenini miaka ile anafanya nini, si anaingia studio? Ziko wapi negativu zile? Inawezekana ziko kwenye kopo la biskuti la mtu, inawezekana zilichomwa na majani ya uani.

Kwahiyo ombi langu kwa wasomaji wenye wazee waliokuwa mafundi picha, au mliorithi nyumba yenye maboksi ya namna hiyo, msichome. Msiweke kwenye mifuko ya nailoni vilevile, zinatoa jasho na ukungu unaota juu ya sura za watu, hasa nyie wa kando ya ziwa, karatasi ya kawaida na kabati kavu juu ya sakafu inatosha, mchwa mnawajua wenyewe. Ukifungua kopo ukasikia harufu kali ya siki, hizo tenganisha na zingine, mkanda umeanza kuoza na ule mvuke unaambukiza jirani zake, kopo lake liachwe linapumua. Na mikanda ya zamani sana ya kabla ya miaka ya 1950 wekeni mbali na jiko na kibatari, mingine ni ya naitreti inashika moto kama petroli. Mengine mengi Mzee anayajua, mje mumuulize, anapenda wageni, leteni sukari.

Narudi kwenye ile picha maana sijamaliza. Tulitoa tatu usiku ule, mbili mbovu. Ile nzuri tukaipitisha kwenye haipo mara mbili, kisha nikaipeleka uani kwenye beseni chini ya bomba, siku hizi maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora, yanatoka kwa nguvu, na Mzee akavuta kiti akakaa pale pale saa saba za usiku kajifunika shuka, hakunitaka niingie ndani hata kidogo. Nilipimia pamanganeti mara tatu. Rangi ilikaa.

Yule mama nilimpigia simu haipatikani, nikaenda kwake Isevya nikaambiwa amekwenda Kigoma kwa binti yake anayejifungua, hawajui atarudi lini. Kama kuna anayemfahamu, mama wa makamo ya juu, harusi yao ilikuwa 1987 na pilau likachelewa, mwambieni picha yake iko tayari, nimeiweka kwenye bahasha ya karatasi, na nimeiosha saa nzima, Mzee ndo alishika saa.

Wako,
Kijana wa studio,
Tabora